Kumchukua Mbwa "Mkali" Kutoka Kituoni: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Wavuni Hadi Nyumbani

Kadi iliyofungwa kwenye wavu wa banda lake, katika kituo cha mbwa wasio na mwenyewe, ilikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: MKALI. Nikamuuliza mhudumu amemng'ata nani. Akafikiri kidogo. "Hajamng'ata mtu. Ila ukimshika shingoni ananguruma." Upande gani? Akanitazama kama vile mimi ndiye wa kufungiwa. Ulikuwa upande wa kushoto, na wiki moja baadaye, daktari wa wanyama alipoinua sikio la kushoto, chumba kizima kilinuka. Lilikuwa na maambukizi ya siku nyingi. Akapewa dawa ya matone, na ukali wa shingoni ukaisha.

Tulimwita Doa. Matatizo yake mengine hayakuondoka kwa matone, na ndiyo yaliyonifundisha sehemu kubwa ya haya ninayoandika. Kama umeshamtazama mbwa wa namna hiyo machoni na sasa unajiuliza kama utamweza, anza hapa.

1. Uliza anachofanya, usiulize alivyo

"Mkali", "mkaidi", "hapendi wanaume": haya ni majina, na jina halikusaidii kupanga nyumba yako. Unachotaka kujua ni tendo, mahali na umbali. Mbwa anayebweka akimwona mwenzake ng'ambo ya uwanja ana shida tofauti kabisa na yule anayekaa kimya mpaka mkono ufike kwenye bakuli lake. Wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi, ingawa wa kwanza ndiye mwenye kelele.

Nenda na kalamu, uulize:

- Alifikaje hapa? Amewahi kuchukuliwa akarudishwa? Aliyemrudisha alisema nini hasa?
- Amewahi kung'ata? Nani, wapi mwilini, na dakika moja kabla ya hapo kulikuwa kukiendelea nini?
- Meno yaliingia au yaligusa tu?
- Nje ya banda anakuwaje? (Wengi hubadilika kabisa wakitoka kwenye kelele.)
- Akiwa anakula, mtu akipita karibu anafanya nini?
- Ameonwa na daktari lini, na alichunguzwa nini?

Kwenye suala la kung'ata usikubali jibu la jumla. Daktari wa wanyama Ian Dunbar alitengeneza kipimo cha ngazi 6 ambacho wafunzi wengi wa mbwa hukitumia mpaka leo. Ngazi ya 1 ni vitisho bila meno kugusa ngozi. Ya 2, meno yamegusa lakini hayakutoboa. Ya 3, ng'ato moja imeacha tundu moja hadi manne, na hakuna lililozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya 4, tundu limekwenda ndani zaidi ya hapo, maana yake mbwa alikaza au alitikisa kichwa. Ya 5 ni ng'ato nyingi za namna hiyo, na ya 6 ni kifo. Mbwa wa ngazi ya 1 na ya 2 wanaishi majumbani kwa maelfu na wengi hutengemaa. Wa ngazi ya 3 anahitaji mtu mzoefu mwenye mfunzi pembeni. Kuanzia ya 4, mimi simshauri mtu wa kawaida amchukue, hata kama macho yake yanamyeyusha moyo.

2. Jipime wewe na waliomo nyumbani

Hapa nitakuwa mfupi na mkavu. Una mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea? Usimchukue mbwa anayelinda chakula au anayeogopa kuguswa. Mtoto huyo hawezi kufuata sheria yoyote utakayoweka, na uso wake uko sawasawa na kimo cha mdomo wa mbwa. Una mzee ambaye akisukumwa ataanguka? Mbwa mkubwa anayeruka watu hafai hapo. Kuna mtu mmoja nyumbani asiyetaka mbwa? Basi huna mbwa, una ugomvi. Huyo mmoja ndiye atakayeacha mlango wazi, au atakayempiga ukiwa haupo.

Na muda. Miezi mitatu ya kwanza itakula jioni zako karibu zote.

3. Kutana naye zaidi ya mara moja

Omba mtolewe mpaka sehemu tulivu. Kaa chini au simama ubavu, usimwinamie, usimtazame machoni, usipeleke mkono juu ya kichwa chake. Mwache aje mwenyewe. Akija, mkune kifuani kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha ondoa mkono. Mbwa anayetaka zaidi atakusogelea tena au atauegemea mguu wako. Asiyetaka atageuza kichwa, atajiramba midomo, au atasimama tu kama gogo. Wengi hudhani kusimama kama gogo ni utulivu, kumbe ni mbwa anayevumilia.

Rudi siku nyingine. Siku ya pili huonyesha kama anakumbuka na kama hofu imepungua hata kidogo. Mbwa anayepona haraka baada ya kushtuka, yaani kitu kinaanguka, anaruka, kisha anarudi kunusa, ana matumaini makubwa kuliko yule anayejikunyata nusu saa nzima.

4. Daktari kabla ya mfunzi

Nimekwisha kusimulia sikio la Doa. Meno yaliyooza, nyonga zinazouma, mgongo, ngozi inayowasha: vyote hivi hutoa mbwa "mkali". Mwombe daktari amguse kila kiungo na amtazame mdomo, na umwambie wazi ni wapi mbwa hataki kuguswa. Hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti chake kiko mkononi mwako.

Utaambiwa pia kwamba akihasiwa atatulia. Kuhasi kuna faida zake: kunazuia mimba na kunaweza kumpunguzia dume uzururaji wa kufuata majike. Hofu hakuiondoi, na mbwa wengi wenye ukali wana hofu ndani yake.

5. Andaa nyumba siku moja kabla

Chagua pembe moja isiyopitwa na watu. Weka kitanda au blanketi, maji, na kizuizi cha kuwatenganisha yeye na wengine: geti dogo la ndani, au mlango unaofungika. Hapo ndipo kwake, na mtu yeyote asimfuate akishaingia.

Kwa nje, nunua mkanda wa kifuani unaombana vizuri na ukosi wenye kibati cha namba yako ya simu, kisha ufunge kamba mbili, moja kwenye kila kimoja. Inaonekana kama woga wa kupita kiasi mpaka siku mbwa mwenye hofu anapojirudisha nyuma na kuchomoka kwenye ukosi kama mguu unaotoka kwenye kandambili. Mbwa mgeni hajui bado kwamba kwako ni kwao. Akitoroka wiki ya kwanza, hana pa kurudi.

6. Siku 3, wiki 3, miezi 3

Hiki ni kipimo cha mazoea tu wanachopenda kukitaja watu wa vituoni, na mbwa hasomi kalenda, lakini kinasaidia kutuliza pupa.

Siku 3 za kwanza mbwa anaweza asile vizuri, asikojoe kwa saa nyingi, alale mno au asilale kabisa. Usimwogeshe. Usiite wageni waje kumwona. Usimpeleke sokoni wala kwenye uwanja wa mbwa. Mtoe ajisaidie, umlishe, umwache. Mwili wake unashusha mfadhaiko wa wiki nyingi, na hilo halifanyiki huku watu sita wamemzunguka na simu.

Kufikia wiki ya 3 anaanza kujua ratiba, na hapo ndipo watu hupata mshtuko: "Alikuwa mpole, sasa amekuwa mbaya!" Hakuwa mpole. Alikuwa amenyamaza kwa uoga. Sasa amepata nguvu ya kusema anachokipenda na asichokipenda, na wewe umepata picha halisi ya kazi iliyo mbele yako. Baadhi ya wanaorudisha mbwa hurudisha hapo, kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Miezi 3 ni ile niliyoitaja hapo juu, itakayokula jioni zako.

7. Jifunze kumsoma kabla hajanguruma

Ningeambiwa nibakize sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hii.

Mbwa hang'ati ghafla mara nyingi kama watu wanavyosimulia. Huanza chini kabisa: anapiga mwayo bila usingizi, anajiramba midomo bila chakula, anageuza kichwa pembeni. Usipomwelewa anaondoka, au anajikunja na kubana mkia. Halafu weupe wa macho unaonekana kama mwezi mwandamo, mwili unakakamaa, mdomo uliokuwa wazi unafungwa. Kisha ananguruma. Kisha anakatakata hewa kwa meno. Kisha anang'ata. Mkia kutikisika hakukuhakikishii kitu: mkia ulio juu, mgumu, unaotikisika haraka kwa ncha tu si wa furaha.

Sasa, akinguruma, usimkaripie. Najua mkono unawasha. Lakini ngurumo ni king'ora. Ukimchapa kila akinguruma, unachokata ni king'ora, moto umeuacha unawaka, na utapata mbwa anayetoka kwenye ukimya moja kwa moja hadi kwenye meno. Akinguruma, simama, rudi nyuma, mpe nafasi, kisha kaa ujiulize ni nini kilitokea sekunde tano kabla. Andika kwenye daftari: saa, mahali, nani alikuwepo, alikuwa umbali gani. Baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha mambo ambayo kichwa hakikuyaona. La Doa lilionyesha kwamba karibu visa vyote vilitokea jioni, siku ambazo mchana kulikuwa na kelele. Mfadhaiko hujikusanya kama maji kwenye ndoo, na tone la mwisho ndilo linalolaumiwa.

8. Matatizo manne na jinsi ya kuyaanza

*Kulinda bakuli.* Kuna ushauri wa zamani wa kutia mkono kwenye chakula cha mbwa "azoee". Hebu fikiri mtu anakuja kila siku kuchezea sahani yako. Utazoea au utamchukia? Tulichofanya kwa Doa ni hiki. Kwanza, hakuna mtu aliyepita karibu naye akila. Pili, nilitafuta umbali ambao alinisikia nikipita lakini akaendelea kula bila kukakamaa. Ulikuwa hatua saba. Nikipita pale, narusha kipande cha nyama, kitu kizuri kuliko kilichomo bakulini, kisha naendelea na safari yangu bila kusimama. Mara tatu au nne kwa mlo, basi. Siku ya tisa alisikia nyayo zangu akainua kichwa, masikio yamelegea, akingoja kitu. Hapo ndipo nilipopunguza nusu hatua. Ilichukua zaidi ya miezi miwili kufika karibu na bakuli, na mpaka leo hatumgusi akila. Kwa vitu alivyoviiba, soksi kwa mfano, usimfukuze: mrushie kitu bora mbali kidogo, aache soksi aende, ndipo uichukue.

*Kuwabwekea mbwa au watu njiani.* Hapa siri ni umbali na mpangilio. Tafuta umbali ambao anamwona mbwa mwingine lakini bado anaweza kukusikia na kula. Mbwa mwingine atokee kwanza, *ndipo* nyama itoke. Akipotea machoni, nyama inakoma. Ukitoa nyama kwanza, unamfundisha kwamba nyama ni dalili ya balaa linalokuja. Ni kanuni ya mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov tu: kinachotangulia chakula mara nyingi huanza kupokewa kama chakula. Akikataa kula kitu anachokipenda, umekaribia mno. Geuka uondoke, usibishane. Chagua saa za njia tupu. Na usimvute kamba ikakaza kila anapotokea mbwa mwenzake, maana mkono wako unamwambia kuna hatari.

*Kuwa peke yake.* Kwanza tofautisha. Mbwa aliyechoshwa na upweke hutafuna kiatu popote. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa hushambulia mlango au dirisha ulikotokea, hutoa mate, hulia, na huanza ndani ya dakika chache tu baada ya wewe kutoka. Acha simu irekodi ujue yuko upande gani. Akiwa wa pili, rudi kwenye sekunde: toka, hesabu tano, ingia kimya. Kumi. Tatu. Kumi na tano. Changanya, usipande tu kila mara. Ugumu ni kwamba katika kipindi hicho inabidi asiachwe kabisa kwa muda anaoshindwa, kwa hiyo panga zamu na ndugu au jirani. Kila tukio la hofu kubwa linarudisha kazi nyuma.

*Kukojoa ndani.* Mpeleke kwa daktari aondoe shaka ya ugonjwa, mtoe mara nyingi, msifu palepale nje, na osha alipokojoa kwa dawa ya kuvunja harufu yenye vimeng'enya. Kumsugua pua kwenye mkojo hakufundishi kitu zaidi ya kujificha akikojoa.

9. Kifunga mdomo si adhabu

Kama kuna uwezekano wowote wa kung'ata, mfundishe kuvaa kifunga mdomo cha mfano wa kikapu, kinachomruhusu kuhema kwa mdomo wazi, kunywa maji na kupokea kipande cha nyama. Vile vya kitambaa vinavyobana mdomo ukafungika havifai kwa matembezi, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akizuiwa anaweza kuzidiwa na joto.

Usimvike kwa nguvu siku ya kwanza. Weka nyama ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe, atoe. Siku kadhaa hivyo tu. Kisha shikilia sekunde moja. Kisha mkanda bila kufunga. Kisha funga na kufungua. Doa siku hizi akikiona anatia pua mwenyewe, kwa kuwa kwake ni dalili ya matembezi. Watu njiani hutupisha kidogo, na sisi hatulalamiki.

10. Kuhusu fimbo

Kuna mtu atakuja nyumbani akuambie mbwa anataka kujua nani bwana, umlaze chini kwa nguvu akutambue. Nadharia hiyo ilianza na mbwamwitu waliofungwa pamoja bila kuwa jamaa, waliochunguzwa na mtafiti Rudolf Schenkel, aliyeandika mwaka 1947. Mtafiti mwingine, David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kilisaidia kuieneza, alikuja kuikana baada ya kuwatazama mbwamwitu wa porini, akakuta kundi ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Kwa mbwa mwenye hofu, dawa ya moto si moto. Kumlaza chini kwa nguvu ni njia nzuri ya kung'atwa usoni, kwani ndiko uso wako ulipo wakati huo.

Mfunzi unayemlipa ajieleze kabla hajamgusa mbwa: akifanya vizuri atapata nini, akikosea atapata nini? Jibu la pili likiwa ni maumivu, tafuta mwingine.

Kuna mbwa pia ambao mafunzo hayawaingii kwa sababu hofu imejaa. Daktari anaweza kuandika dawa kama fluoksetini au klomipramini, ambazo mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuonyesha tofauti, na hutembea pamoja na mafunzo. Usimpe dawa yako mwenyewe ya nyumbani.

11. Akimng'ata mtu

Watenganishe, mfungie mbwa pembeni bila kumpiga. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo hata kama tundu ni dogo. Peleka na cheti cha chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua, na kinachozuia ni kuosha na sindano za mapema. Tundu dogo la chonge pia hupanda bakteria ndani kabisa, kwa hiyo usilifunge ukalisahau.

Kisha fungua daftari, uandike yote ungali unakumbuka.

12. Ikibidi kumrudisha

Hutokea. Mtoto amezaliwa, mbwa amepanda kutoka ngazi ya 2 hadi ya 3, au wewe mwenyewe hulali. Usimwachie njiani, na usimpe mtu kwa kumficha habari zake. Wapigie simu kituoni mapema wakupangie siku, na umpeleke na blanketi lake lenye harufu aliyoizoea.

Na nakala ya daftari. Watakapotaka kuandika kadi ya wavuni, wape maneno yako: "Analinda bakuli mtu akiwa chini ya hatua nne. Kwa nyama anaachia soksi. Jioni huchoka, aachwe. Amevumilia kuwa peke yake dakika 40. Sikio la kushoto lichunguzwe kila mwezi."